Dubu wa jioni katika hekalu la Chandi: uchambuzi wa kisa

Jua likikaribia kuzama kwenye kilima cha Ghunchapali, watu waliofika hekaluni huanza kutazama upande wa vichaka. Hapa ni karibu na mji mdogo wa Bagbahara, wilaya ya Mahasamund, jimbo la Chhattisgarh, katikati ya India. Hekalu ni la mungu wa kike Chandi, na msitu umelizunguka. Kengele hulia, moshi wa ubani hupanda, na kabla giza halijaingia dubu hutoka porini. Siku nyingine ni mama na watoto wake, siku nyingine huwa wengi zaidi. Hupita katikati ya watu, hunusa sakafu, huokota vipande vya nazi, karanga na vitamu vya prasad, yaani chakula kilichotolewa kwa mungu kisha waumini wakagawiwa. Wapo dubu wanaokula kutoka viganjani. Zimesambaa video wakinyweshwa vinywaji vitamu kwenye chupa, na nyingine zikionyesha watu wazima wakiwasogeza watoto wao karibu ili picha itoke vizuri.

Wenyeji husema dubu hawa hawajamdhuru mtu. Husema Mama Chandi ndiye anayewatuliza, na kwamba wao ni waumini kama waumini wengine: huja, hupokea sehemu yao, hurudi walikotoka. Nimezitazama video hizo mara nyingi, na kila nikimwona mtoto wa miaka minne au mitano amenyoosha mkono wenye kipande cha nazi, moyo hunidunda. Siidharau imani ya watu wa Ghunchapali. Ninachotaka ni kukichambua kisa hiki hatua kwa hatua: ni dubu gani huyu, kwa nini ametulia, utulivu huo unamlinda nani, na nani anaachwa nje ya ulinzi huo.

Huyu ni dubu gani

Msomaji wa kwetu hakukua na dubu, kwa hiyo tuanze na mnyama mwenyewe. India ina dubu weusi wa aina mbili ambao watu huwachanganya. Mmoja ni dubu mweusi wa Asia, anayeishi kwenye milima ya Himalaya na vilima vya kaskazini mashariki. Wa pili ndiye anayefika hekaluni, wataalamu humwita Melursus ursinus, na Wahindi humwita bhalu kama wanavyowaita dubu wote. Nami nitamwita bhalu hapa. Wote wawili ni weusi na wote wana alama nyeupe kifuani, ndiyo maana mtu aliyemwona mmoja kwa mbali hawezi kuapa alimwona yupi. Lakini Chhattisgarh ni nchi ya bhalu. Manyoya yake ni marefu na yamevurugika kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, mdomo wake ni mrefu na wa rangi ya kijivu, na makucha yake ya mbele ni marefu kama vidole vya mtu, yamepinda, yana rangi ya pembe.

Makucha hayo ni ya kazi. Chakula kikuu cha bhalu ni mchwa na sisimizi. Huchimba kichuguu, hutia mdomo ndani ya tundu, hupuliza vumbi, kisha huvuta wadudu kwa pumzi. Meno mawili ya mbele ya juu hana kabisa, na pengo hilo limekuwa mrija wake. Sauti ya kufyonza kwake husikika zaidi ya mita 100. Akiwa kwenye kazi hiyo, kichwa ardhini, hasikii vizuri wala haoni vizuri. Anachotegemea ni pua, na kama upepo hautoki upande wako, hajui kwamba upo mpaka uwe umemkaribia sana. Msomaji alishike hili la kutojua mpaka karibu, maana kisa chote kimejengwa juu yake.

Jambo jingine linalomtofautisha ni malezi. Mama bhalu huwabeba watoto wake mgongoni, wameng'ang'ania manyoya, kama mama wa kwetu anavyobeba kwa kanga. Hakuna dubu mwingine afanyaye hivyo kwa kawaida. Watoto hukaa naye mpaka wafikie umri wa miaka miwili au zaidi, na muda huo wote wanajifunza: vichuguu viko wapi, mti gani unazaa mwezi gani, asali inapatikanaje, maji yako wapi wakati wa kiangazi. Huzaliwa shimoni, wengi kati ya Novemba na Januari.

Kwa nini bhalu anaogopwa

Mtu akisikia "dubu mla mchwa" hudhani ni mnyama mpole. Takwimu zinasema vingine. Katika jimbo la Madhya Pradesh, ambalo wakati huo lilikuwa bado linajumuisha Chhattisgarh ya leo, watafiti walihesabu mashambulizi 735 ya bhalu kati ya Aprili 1989 na Machi 1994. Watu 48 walikufa. Baadaye, katika eneo moja tu la misitu la North Bilaspur, kuanzia Aprili 1998 hadi Desemba 2000, watu 137 walishambuliwa, 11 wakafa. Wengi hupona, lakini tujiulize wanapona wakiwa na nini. Bhalu akishambulia mara nyingi husimama kwa miguu ya nyuma na kutumia makucha na meno, na kilicho mbele yake wakati huo ni kichwa na uso wa mtu. Wapo waliopoteza jicho, pua au taya. Mwanamke wa kijijini aliyeondokewa na nusu ya uso amebaki hai kwenye hesabu, ila maisha yake ya sokoni, ya harusini na ya kisimani yamebadilika milele.

Wataalamu hudhani hali hii inatokana na historia ndefu ya bhalu kuishi pamoja na chui milia. Kwa mnyama mkubwa asiyeweza kumshinda chui milia kwa mbio, ambaye hata akipanda mti chui wa kawaida atamfuata, njia iliyobaki ni kusimama na kupigana kwanza. Bhalu aliyeshtuliwa hapotezi muda kufikiri kwamba huyu ni mtu mwenye kikapu, wala hamvamii kwa nia ya kumla. Anaondoa tishio lililomtokea ghafla hatua chache mbele ya pua yake, kisha anakimbia.

Utulivu wa hekaluni unatoka wapi

Sasa tunaweza kuyaweka pamoja mambo mawili yanayoonekana kupingana: bhalu ni miongoni mwa dubu hatari zaidi kwa binadamu, na bhalu wa Chandi hula karanga mkononi mwa mtu. Yote mawili ni kweli, na moja halifuti lingine.

Hekaluni hakuna mshtuko. Dubu anawasikia watu kabla hajatoka kichakani: kengele, nyimbo, pikipiki, watoto. Harufu ya ubani na nazi iliyopasuliwa imemfikia zamani. Anakuja kwa hiari, kwa njia anayoijua, saa anayoijua, naye ndiye anayeamua asogee kiasi gani. Yale yote yanayomfanya ashambulie msituni hayapo. Dubu huyohuyo, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na mtoto mgongoni kwenye korongo lenye vichaka, akikutana ghafla na mzee anayetafuta ng'ombe wake, hatakumbuka kwamba jana alikula prasad. Utulivu wake ni wa mahali na wa saa, haumfuati porini.

Wataalamu wa wanyama hutenganisha kuzoea watu na kuzoea chakula cha watu. Dubu aliyezoea watu huwapuuza tu, hupita mbali nao akaendelea na mambo yake. Dubu aliyezoea chakula cha watu huwafuata, maana harufu ya mtu kwake imekuwa harufu ya mlo. Wa Chandi wamevuka mpaka huo siku nyingi. Waliopita barabara ya Morogoro kwenda Iringa, pale inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, wanalijua jambo hili kupitia nyani: abiria mmoja hutupa ndizi dirishani, na kesho yake nyani hamngoji mtu atupe. Nyani ana kilo ishirini au thelathini. Bhalu dume mkubwa huzidi kilo 100.

Na hekaluni mambo hayabaki vilevile kila siku. Kipindi cha Navratri, sikukuu ya siku tisa inayoadhimishwa majira ya kuchipua na tena majira ya vuli, watu hufurika. Hebu tuipige picha jioni moja ya namna hiyo. Ngazi ni nyembamba. Mama dubu yuko upande huu, mtoto wake amevutwa na biskuti upande ule, na katikati wamesimama watu mia mbili. Au dubu wawili wanagombania nazi moja, na aliyeshindwa anageuka kwa hasira akimkuta mtu mgongoni pake. Au mbwa mgeni ameingia akibweka. Au mtu amechezea mnyama kwa kumnyima, anamwonyesha chupa kisha anairudisha nyuma ili wenzake wacheke. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji dubu mbaya. Linahitaji sekunde mbili tu za dubu wa kawaida, na hofu ya watu wanaokimbilia ngazi moja itaumiza hata wale ambao hakuwagusa.

Simu imelizidisha jambo hili. Mei 2018, katika wilaya ya Nabarangpur, jimbo jirani la Odisha, dereva aliyekuwa akitoka harusini na abiria wake alimwona dubu aliyejeruhiwa kando ya njia akaenda kujipiga naye picha. Dubu alimkamata, akamuua mbele ya watu. Hakuwa dubu wa hekaluni, lakini najiuliza ni video ngapi za dubu wapole mtu huyo alikuwa ameziona maishani mwake kabla ya kushuka kwenye gari.

Heshima na mazoea

Kwa Wahindu wengi dubu si mnyama tu. Katika simulizi za kale yupo Jambavan, mfalme wa dubu, mzee mwenye hekima aliyekuwa upande wa shujaa Rama, na ndiye aliyemkumbusha Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, nguvu alizokuwa amezisahau. Mtu aliyelelewa na simulizi hizo akimwona bhalu anapanda kuelekea madhabahuni, anachokiona ni kikubwa kuliko nikionacho mimi. Na imani hiyo imewalinda wanyama: palipo na hekalu la namna hii, bunduki na mitego haikaribishwi. Bhalu yuko hatarini, idadi yake kwenye bara dogo la India na Sri Lanka inakadiriwa kuwa chini ya 20,000, na sheria ya India ya mwaka 1972 ya kuhifadhi wanyamapori inamweka kwenye jedwali la kwanza, la wanaolindwa zaidi. Kijiji kinachomwita mgeni badala ya mdudu wa kuangamiza kimefanya jambo la maana sana.

India hiyohiyo iliwahi kumfanya bhalu kichekesho. Kwa karne nyingi watu wa jamii ya Qalandar waliwatembeza dubu wa kucheza ngoma barabarani. Mtoto wa dubu aliibwa shimoni, pua ikatobolewa kwa chuma cha moto, kamba ikapitishwa, meno yakavunjwa. Biashara hiyo ilipigwa marufuku kwenye vitabu tangu 1972, lakini dubu wa mwisho kutolewa barabarani alitolewa 2009, baada ya mashirika ya uhifadhi kuwapatia Qalandar kazi nyingine na kusomesha watoto wao. Naona kivuli cha dubu yule kwenye picha za Ghunchapali. Vizazi vingi vilimzoea bhalu aliyesimama kwa miguu miwili akitikisa kichwa, na wengi hawakujua kwamba upole ule ulitengenezwa kwa chuma cha moto. Bhalu wa Chandi ana meno yake yote ya ubavuni na kucha zake zote.

Ndiyo maana kwangu mjadala wa "tumheshimu au tumfukuze" unapotosha. Heshima kwa dubu ilikuwepo Ghunchapali kabla ya soda, na inaweza kubaki soda ikiondoka.

Upande wa pili wa wilaya

Machi 2016, katika wilaya hiyohiyo ya Mahasamund, dubu mmoja aliwaua watu watatu, mmoja wao afisa wa idara ya misitu aliyekuwa amekwenda kulishughulikia tukio hilo. Dubu akauawa kwa risasi. Tukio halikutokea hekaluni na silihusishi na dubu wa Chandi. Nalitaja kwa sababu linaonyesha ni nani anayekutana na bhalu akiwa hana kengele wala umati.

Machi na Aprili ndiyo miezi ya mahua. Mahua ni mti mkubwa ambao maua yake manene, matamu kama tende, hudondoka usiku. Alfajiri wanawake na watoto huenda na vikapu kuyaokota kabla jua halijayakausha. Huyaanika, huyauza, hutengenezwa pombe. Kwa familia nyingi maskini za Chhattisgarh hizo ni fedha za uhakika kuliko shamba. Baada ya mahua linakuja jani la tendu, la kusokotea sigara za bidi, nalo huchumwa msituni. Bhalu naye anayapenda maua ya mahua kupita kiasi, na anayafuata saa hizohizo, gizani, kichwa chini, akifyonza. Mwanamke ameinama upande huu wa shina, dubu ameinama upande ule.

Sasa ongeza dubu aliyefundishwa hekaluni kwamba binadamu ana chakula. Mtoto wa dubu aliyekaa miaka miwili akijifunza ngazi za hekalu badala ya vichuguu atakapoachana na mama yake atakwenda wapi? Nafasi ya hekaluni ina wenyewe. Atasogea kwenye kijiji kingine, kwenye jalala, kwenye duka la biskuti, kwenye jiko la shule. Huko hakuna anayemwita mgeni wa Mama Chandi. Atapigwa mawe, atazingirwa, atamrarua mtu, naye atapigwa risasi. Mtalii aliyempa soda atakuwa amesharudi Raipur, picha yake imependwa na watu elfu. Hili ndilo linaloniuma katika kisa hiki: raha ya kulisha iko mlimani, lakini deni linaandikwa kwa jina la muokota mahua.

Jambo hili limewahi kupimwa

Mtu anaweza kuniambia hizi ni hofu tu, kwa kuwa miaka imepita na Ghunchapali ni shwari. Ndipo inapofaa kumtazama dubu mweusi wa Amerika, ambaye kwa tabia ni mpole kuliko bhalu na mwepesi wa kukimbia.

Katika Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, magari binafsi yaliruhusiwa kuingia mwaka 1915. Haukupita muda dubu weusi wakajifunza kusimama kandokando ya barabara wakiomba. Watu walifungua madirisha, wakatoa mikate na pipi, wakawapiga picha wakiwa na watoto. Kwenye majalala ya hoteli yalijengwa hata mabaraza ya kukalia watazamaji. Dubu mwombaji akawa alama ya hifadhi.

Kuanzia 1931 hadi 1969 kumbukumbu za hifadhi zinaonyesha wastani wa watu 48 waliojeruhiwa na dubu kila mwaka, wengi wao na dubu weusi, pamoja na matukio zaidi ya 100 kwa mwaka ya kuharibiwa magari, mahema na mali nyingine. Kumbuka wageni walikuwa wangapi. Mwaka 1948 walifika milioni moja, 1965 wakafika milioni mbili. Majeruhi 48 katika milioni ni wachache kiasi kwamba familia ingeweza kwenda kila kiangazi kwa miaka ishirini, ikawalisha dubu kila mara, na ikaapa kwa dhati kwamba dubu wale hawamdhuru mtu. Wasingekuwa wanadanganya. Walikuwa wanaeleza walichokiona kwenye kona yao ndogo ya hesabu kubwa. Ushahidi wa wenyeji wa Ghunchapali ni wa aina hiyohiyo: ni wa kweli, na hautoshi.

Mwaka 1970 hifadhi ilibadilisha mwendo. Majalala yakafungwa, marufuku ya kulisha ikasimamiwa kwa dhati, mapipa ya taka yakawekwa ambayo dubu hawezi kuyafungua. Kufikia miaka ya 2000 majeruhi walikuwa wamepungua hadi takriban mmoja kwa mwaka, ingawa dubu hawakuondoka.

Lakini historia hiyo ina upande wa uchungu ambao wanaotaka kuiga haraka hawautaji. Ndugu wawili watafiti, Frank na John Craighead, waliokuwa wamewafuatilia dubu wa kahawia wa Yellowstone kwa miaka mingi, walishauri majalala yafungwe polepole, wanyama wapate muda wa kurudi kwenye chakula cha msituni. Uongozi wa hifadhi ukachagua kufunga haraka. Dubu wenye njaa walitawanyika kwenye kambi na miji ya jirani, na wengi wakauawa katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo anayesema leo "pigeni marufuku kesho asubuhi" pale Chandi anasahau kwamba dubu atashuka jioni kama kawaida, atakuta mikono mitupu, na hatasoma tangazo ukutani.

Ningeanza wapi

Ningeanza na mkono. Kulisha mkononi kukome kwanza, leo, kwa sababu ndiko kunakoleta uso wa mtu karibu na kucha, na hakuna sababu ya dini inayokudai. Prasad hutolewa kwa mungu na kugawiwa waumini, na pujari, yaani kuhani wa hekalu, akilisema hilo kwa sauti yake mwenyewe litasikika kuliko mabango kumi ya serikali. Soda, biskuti na pipi zinazouzwa vibandani kwa ajili ya dubu ziondoke pamoja na mkono huo. Najua wenye vibanda wataumia. Ni watu wa kipato kidogo, na wasipopewa cha kuuza kingine watauza kwa siri, kama Qalandar walivyoendelea na dubu wao kwa miaka zaidi ya thelathini ya marufuku mpaka walipopata riziki nyingine.

Kisha mabaki. Nazi zilizopasuliwa zikusanywe kabla jua halijashuka, ziwekwe kwenye chombo chenye mfuniko wa chuma, zisilale sakafuni. Chakula kinachomvuta dubu kipunguzwe kidogo kidogo kwa misimu kadhaa, na kupunguza kwenyewe kuanze msitu unapokuwa na matunda na mchwa wa kutosha, kusianze kilele cha kiangazi. Wakati huohuo wageni wahamishwe saa. Ibada ya jioni inaweza kubaki kwa wachache walio ndani, huku umati ukishuka kilimani mapema. Siku za Navratri pawe na njia ya kupanda na njia nyingine ya kushuka, na watu wa kusimamia kamba itakayowaweka waumini mbali na njia ya dubu. Dubu aachiwe njia yake wazi ya kuingia na kutoka, maana dubu aliyezibiwa njia ya kurudi ndiye dubu wa kuogopwa.

Na fedha zinazotokana na umaarufu wa dubu hawa ziende pia kwa waokota mahua. Kule Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, mtafiti Nishith Dharaiya na wenzake walitengeneza fimbo yenye kengele, wanaiita ghanti kathi, wakawagawia watu wanaoingia msituni. Kila fimbo ikigusa ardhi kengele inalia, na dubu aliye kichwa chini kwenye kichuguu anapata taarifa mapema. Ni kifaa rahisi, na kinafanya kilekile kinachofanywa na kengele za hekalu jioni: kinaondoa mshtuko.

Ukikutana naye

Kwa atakayefika Chhattisgarh, au kwa mwenye ndugu huko, kuna ushauri mmoja wa mtandaoni unaoweza kumwumiza. Kuhusu dubu mweusi wa Amerika watu hufundishwa wajikuze, wapige kelele usoni pake, na akishambulia wapigane naye. Kwa yule inafaa. Bhalu ni tofauti, kwa sababu anashambulia akijilinda na kupambana naye kunamthibitishia kwamba wewe ni tishio.

Kelele ni za kabla ya kukutana. Tembeeni wawili watatu, zungumzeni, gongeni fimbo, hasa kwenye korongo, kwenye kona ya njia na karibu na miamba yenye mapango. Epukeni msitu alfajiri na magharibi. Ukimwona kwa mbali naye hajakuona, rudi taratibu ulikotoka. Akiwa amekuona, usikimbie, maana hata huyu anayeonekana mzito atakufikia. Rudi nyuma polepole ukiongea kwa sauti ya chini, fimbo ikiwa mbele yako, na umwachie upande wa kutorokea. Kama kuna mtoto wa dubu popote, hesabu kwamba mama yuko karibu kuliko unavyofikiri. Akikuvamia na kukuangusha, lala kifudifudi, fumbata vidole vyako nyuma ya shingo, ficha uso ardhini, utulie hivyo mpaka aondoke na uwe na hakika kwamba ameondoka. Mashambulizi mengi huisha haraka, na katika muda huo kazi yako ni moja: kulinda uso na shingo.

Hekaluni kwenyewe, ukiwa na mtoto, mshike mkono kuanzia ngazi ya kwanza na umwondolee chochote cha kula mfukoni kabla hamjapanda. Simameni upande wa lango, msiwe kati ya dubu na vichaka. Wakishuka wale weusi kutoka msituni, mwonyesheni mtoto kwa kidole: namna mama anavyotikisika akitembea, namna mdogo alivyojishika kwenye manyoya mgongoni. Kisha teremkeni kabla ya giza.